Maswali Yenu: Nianzie Wapi Kusoma Msimbo wa jQuery?

SWALI: Natumia jQuery, ile maktaba ya JavaScript, kila siku kazini, lakini nikifungua faili lake naona herufi zimebanana tu. Nianzie wapi? (Msomaji, Umoja, Nairobi)

JIBU: Hilo si faili la kusoma. Jina likiishia .min.js, nafasi na maelezo yameondolewa na majina yamefupishwa ili lipakuliwe haraka. Chukua jquery-3.7.1.js, faili lisilobanwa. Ukishalihifadhi kwenye laptopu, hutatumia bando tena.

Lina mistari zaidi ya 10,000, kwa hiyo usianze juu kushuka chini. Tafuta jQuery.fn.init. Kila unapoandika $('.kadi') kutafuta elementi zenye class ya kadi, fanksheni ya jQuery hurudisha new jQuery.fn.init(...). Mbona isiwe new jQuery()? Kwa sababu jQuery ingejiita yenyewe bila kikomo hadi kivinjari kitoe hitilafu. Kisha tafuta init.prototype = jQuery.fn. Mstari huo mfupi ndio unaokipa kitu kilichoundwa na init uwezo wa addClass, hide na wenzao. Tulia hapo mpaka uuelewe vizuri, maana maktaba nzima imeuegemea.

Ndani ya init, fuata tawi moja moja. Maandishi yanayoanza kwa < na kuishia kwa > huunda elementi mpya; '#jina' hupitia getElementById; fanksheni husubiri ukurasa uwe tayari; '.kadi' yako hupelekwa kwa find.

Sasa iangalie ikifanya kazi. Tengeneza ukurasa wenye div 3 za class="kadi", unaopakia jquery-3.7.1.js kisha kuita $('.kadi'), ufungue kwa Chrome, bonyeza F12, nenda Sources, fungua jquery-3.7.1.js, bofya namba ya mstari wa kwanza ndani ya init, kisha pakia ukurasa upya. Itasimama kwanza selector (kile ilichopewa init) ikiwa document, kabla hata msimbo wako haujafikiwa: ni jQuery inaandaa rootjQuery yake, yaani kundi lake linaloshika document. Bonyeza F8 (endelea) hadi uone '.kadi', kisha F11 uingie hatua kwa hatua.

SWALI: Nikishaita find() ya jQuery kutafuta elementi za ndani, end(), inayorudisha kundi la awali, inajuaje pa kurudi? (Msomaji, Kasarani)

JIBU: Soma pushStack, fanksheni inayotumiwa na find(). Huunda kundi jipya la jQuery, kisha huweka kundi la awali kwenye prevObject. end() hurudisha hiyo prevObject, na kama haipo, hurudisha kundi tupu. Kwenye ukurasa huohuo wa majaribio, andika kwenye konsoli $('.kadi').find('p').prevObject.length. Utapata 3, hata kama hakuna p yoyote ndani ya kadi.