Nilibatizwa na mkunga usiku, sasa naambiwa sijabatizwa

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Nilizaliwa kabla ya miezi kutimia, katika zahanati huko Machame. Usiku ule mama aliambiwa sitafika asubuhi. Mchungaji alikuwa mbali na mvua ilikuwa kubwa, basi mkunga akachota maji kwenye bakuli akanibatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Nikaishi. Baadaye nilipelekwa kanisani, ubatizo ukathibitishwa, na nilipokua nikapata kipaimara. Sasa nimeolewa Mwanza na tunasali katika kanisa la mume wangu, la Kipentekoste. Huu ni mwaka wa pili sinia ya Meza ya Bwana inanipita, kwa kuwa naambiwa nilinyunyiziwa tu, sijabatizwa. Wanataka nizamishwe ziwani Pasaka hii. Mama aliposikia alilia kwenye simu, akaniuliza, "Kwa hiyo usiku ule tulikuwa tunacheza?" Je, nikikubali kwa ajili ya amani ya ndoa yangu, nitakuwa nimetenda dhambi? Na nikikataa, nikae bila Meza ya Bwana mpaka lini?

JIBU: Amina, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale kwenye swali la mama yako. Nianze na yeye. La, hamkuwa mnacheza. Umebatizwa. Aliyekubatiza usiku ule ni Kristo mwenyewe, kwa mkono wa mkunga, na kazi yake haihitaji kurudiwa.

Kwamba mkunga anaweza kubatiza, hilo halina ubishi kwetu Walutheri, wala kwa Wakatoliki, wala kwa Waanglikana. Mtoto akiwa katika hatari ya kufa, Mkristo yeyote aweza kumbatiza kwa maji na kwa jina la Utatu. Kilichofanyika baadaye kanisani hakikuwa ubatizo wa pili. Usharika ulishuhudia tu kwamba wa kwanza ulikuwa halali.

Ninalotaka kukaa nalo ni hili unaloambiwa, kwa sababu siyo wewe peke yako. Watu wa namna yako wananijia karibu kila Kwaresima. Nimekutana na mzee aliyebatizwa mara tatu. Kila alipohama kanisa alikuta wenyeji hawayatambui maji ya kule alikotoka. Nilimuuliza sasa ana uhakika na upi. Akanijibu kwa unyonge, "Huu wa mwisho, Mchungaji, labda."

Wanaokuambia hujabatizwa wanachanganya maswali mawili: maji kiasi gani, na umri gani. Tuyatenganishe. Waorthodoksi, ambao wapo hata huko kwenu kanda ya ziwa, huzamisha majini mara tatu, na wanaowazamisha ni watoto wachanga. Kwa upande mwingine, wale waliobatizana upya kule Zurich, Uswisi, tarehe 21 Januari 1525, ambao ndio mababa wa fundisho hili la kubatiza watu wazima peke yao, hawakwenda mtoni siku ile. Conrad Grebel alimbatiza George Blaurock ndani ya nyumba, kwa kummiminia maji. Kwa kipimo cha kanisa la mume wako, hata Blaurock alinyunyiziwa tu!

Utaambiwa neno la Kigiriki, baptizo, maana yake ni kuzamisha. Ni kweli, mara nyingi ndiyo maana yake. Lakini fungua Luka 11:38. Yule Farisayo anastaajabu kwamba Yesu hakunawa kabla ya chakula, na neno alilotumia Luka ni hilohilo. Je, Farisayo alitegemea Bwana azame mwili mzima ndipo aketi mezani? Mlinzi wa gereza la Filipi naye alibatizwa "yeye na watu wake wote wakati uo huo", usiku wa manane, maji ya kuoshea majeraha yakiwa pale karibu. Andiko halisemi walikwenda mtoni. Na kale kakitabu kanakoitwa Didake, kalikoandikwa wakati kumbukumbu za mitume zilikuwa bado mbichi, kanasema: batizeni katika maji yanayotiririka, yasipokuwepo, maji mengine, na hayo yakikosekana, mimina maji kichwani mara tatu kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Bakuli la zahanati ya Machame lina ukoo mrefu kuliko kisima cha ubatizo cha kanisa lolote la Mwanza.

Karne ya 3, Kipriano, askofu wa Karthago, aliulizwa swali linalofanana na lako: wagonjwa waliomiminiwa maji wakiwa kitandani, je, ni Wakristo kamili? Akajibu kwamba ndiyo, neema ya Mungu haipimwi kwa wingi wa maji. (Nisimfiche: Kipriano huyohuyo alitaka waliobatizwa na wazushi wabatizwe upya, na hapo Kanisa halikumfuata. Sinodi ya Arles ya mwaka 314 iliamua kwamba aliyebatizwa kwa jina la Utatu awekewe mikono tu.)

Sijasema haya kudharau kuzamishwa. Ni ishara nzuri mno. Luther mwenyewe aliipenda, kwa kuwa inaonyesha waziwazi yale ya Warumi 6, kwamba tulizikwa pamoja na Kristo. Ningekuwa na mto safi karibu na kanisa langu ningewazamisha watoto, na akina mama wangenilaumu.

Tuje kwenye umri. Utasomewa Marko 16:16, "Aaminiye na kubatizwa ataokoka," kisha utaambiwa mtoto haamini, basi habatizwi. Wasomee mstari mpaka mwisho: asiyeamini atahukumiwa. Kama mstari huu unazungumzia watoto wachanga, basi vichanga vyote vimehukumiwa, na hakuna Mpentekoste nimjuaye anayethubutu kulisema hilo kwenye msiba wa mtoto. Kama hauwazungumzii watoto, basi hauwezi kutumika kuwazuia. Petro siku ya Pentekoste alisema ahadi "ni kwa ajili yenu, na kwa watoto wenu", mbele ya Wayahudi waliokuwa wakiwatia watoto wao katika agano siku ya nane tangu enzi za Ibrahimu. Angekuwa anawafunga mlango watoto siku hiyo, zingepigwa kelele, na Luka angetuandikia.

Hoja wanayoiamini kuliko zote ni Matendo 19, wale wanafunzi wa Efeso waliobatizwa tena na Paulo. Soma taratibu. Paulo anawauliza, "Basi mlibatizwa kwa ubatizo gani?" Wanajibu, kwa ubatizo wa Yohana. Walikuwa hata hawajasikia kwamba kuna Roho Mtakatifu! Hawakuwa wamebatizwa katika jina la Yesu hata mara moja, kwa hiyo hawakurudia kitu. Nawe je, mkunga alitaja jina la Yohana?

Ukitaka kujua mitume walimfanyia nini mtu ambaye ubatizo wake haukuzaa matunda, rudi Matendo 8. Simoni mchawi aliamini, akabatizwa, kisha akataka kumnunua Roho Mtakatifu kwa fedha. Kama kuna mtu aliyestahili kuambiwa "ubatizo wako haukuwa wa kweli, rudi majini," ni huyu. Petro alimkemea kwa ukali wa kutisha, akamwambia moyo wake si mnyofu mbele za Mungu, halafu akamwambia nini? "Tubia uovu wako huu, ukamwombe Bwana." Atubu. Maji hayakutajwa. Katika Agano Jipya lote hutamkuta mtu aliyebatizwa katika Kristo akabatizwa mara ya pili, awe alirudi nyuma, awe alitenda dhambi nzito, awe alikuwa mnafiki tangu mwanzo.

Hapa ndipo penye mzizi wa tofauti yetu. Wao wanaona ubatizo ni ushuhuda wangu kwa Mungu: nimeokoka, nimeamua, watu waone. Ukiwa ushuhuda wangu, ni haki kuurudia nikigundua ule wa kwanza ulikuwa dhaifu, na nitaurudia mpaka nizeeke, maana ni lini imani yangu itakuwa na nguvu ya kutosha? Sisi tunaona ni neno la Mungu juu yangu. Jina lako hukulichagua, uliitwa nalo kabla hujaweza kuitika, na hakuna anayesema si lako. Paulo anamwandikia Timotheo kwamba sisi tusipoamini, yeye hudumu wa kuaminiwa. Kukubali kubatizwa tena ni kumwambia Mungu kwamba usiku ule alinyamaza.

Nisikupe picha kwamba sisi Walutheri tuna mikono safi. Felix Manz, mwenzake yule Blaurock, alizamishwa katika mto Limmat mwezi Januari 1527 mpaka akafa. Waliomuua walikuwa watu wa matengenezo ya kanisa kule Zurich, wafuasi wa kiongozi wao Zwingli, si Walutheri. Lakini wazee wetu nao waliwalaani ndugu hawa katika Ungamo la Augsburg la 1530, tamko la imani yetu, na baadhi yao wakakubali wauawe. Ilipofika 2010, kule Stuttgart, Shirikisho la Kilutheri Duniani liliwaomba msamaha Wamenoniti, ambao ndio warithi wa wale waliobatizana upya. Kwa hiyo nikipinga fundisho lao, sina ruhusa ya kuwadharau.

Tena makosa mengine ni yetu hapahapa nyumbani. Tunabatiza, tunaandika cheti, kisha mtoto tunamwona tena kwenye kipaimara akikariri Katekisimu kama mtihani wa darasa la saba. Akikua bila kuambiwa maji yale yalimfanya nani, nimlaumuje akienda kuyatafuta ziwani?

Sasa Meza ya Bwana. Wanaokuzuia huenda wanataja 1 Wakorintho 11, kula "kwa kutokuupambanua ule mwili". Lakini Korintho kosa lilikuwa nini? Wenye nacho walitangulia kula, maskini wakabaki na njaa, nao wote walikuwa mwili mmoja. Paulo anasema mtu ajihoji mwenyewe, ndipo aule mkate. Kumnyima sinia dada aliyebatizwa, anayeamini, anayetubu, kwa sababu ya kiasi cha maji, naona kunakaribia zaidi dhambi ya Korintho kuliko wewe kula. Hata hivyo usinyakue kikombe, wala usijifiche nyuma ukajichukulia. Mwombe mume wako ruhusa ya upendo, Jumapili moja kwa mwezi uende usharika wa kanisa letu la Kilutheri, KKKT, ulio karibu nanyi, ushiriki. Nenda na cheti chako. Na umwalike akusindikize hata kama atakaa benchi la nyuma.

Umeuliza kama kukubali kwa ajili ya ndoa ni dhambi. Nakusihi usikubali. Amani inayonunuliwa kwa kusema uongo mbele ya madhabahu haidumu nyumbani. Mwaka kesho kutakuwa na sharti jingine. Lakini usigombane. Mume wako hajakufukuza, hajakupiga, anakuombea, ingawa anakosea. Mwambie: "Naheshimu imani yako, nasali nawe, ila hili siwezi, kwa sababu ya Mungu na kwa sababu ya mama." Mchungaji wao akikubali kuzungumza nami, mpe namba yangu. Na kama barua hii itakukuta umeshazamishwa, usilie. Ulioga ziwani. Mungu hajaufuta ubatizo wako, na utatubu lile la kutii hofu kama tunavyotubu mengine.

Kabla ya yote hayo, mpigie mama simu leo. Mwambie usiku ule hamkucheza. Kisha muulize jina la yule mkunga. Katika barua yako hukulitaja, na nadhani hulijui.