Shule ya Kijapani: hesabu miaka yako kabla ya kuhesabu pesa

SWALI: Habari za kazi. Nimemaliza kidato cha nne. Wakala mmoja Kariakoo anasema Aprili atanipeleka shule ya lugha Tokyo, ila nitangulize ada ya mwaka mzima. Ya mwaka wa pili nitajilipia kwa kibarua hukohuko. Shule ziko nyingi, nitaijuaje ya maana? *Msomaji, Mbagala*

JIBU: Pesa usitoe kwanza. Shule nyingi za lugha Japani zinataka mwombaji awe amesoma miaka 12. Msingi 7 na sekondari 4 ni 11; umepungukiwa mmoja. Kidato cha sita kinakufikisha 13. La sivyo, tafuta shule yenye kozi ya maandalizi iitwayo *jumbi kyōiku katei*, iliyoteuliwa na Wizara ya Elimu ya Japani kwa waliosoma pungufu ya miaka 12. Wakala alipaswa kuanzia hapo.

Malipo yana mpangilio wake. Ukiomba, unalipa ada ya maombi tu, na hiyo hairudi. Shule inapeleka faili lako Uhamiaji wa Japani kukuombea hati ya ustahiki, ile mawakala wanayoiita COE. Ikikubaliwa ndipo unalipa masomo, kisha unaipeleka hati ubalozini kuomba viza. Uhai wa hati hiyo ni miezi 3. Ukitanguliza ada na Uhamiaji wakakataa, utabaki kumkimbiza wakala. Faili hukwama sana kwenye pesa za mdhamini: akaunti iliyokuwa na laki mbili miezi yote, ghafla inaingia mamilioni wiki moja kabla ya taarifa ya benki kuchapwa. Wanaona, na wanataka kujua zimetoka wapi.

Kibarua kinaruhusiwa kwa kibali, mwisho saa 28 kwa wiki. Ada peke yake mara nyingi ni yeni 700,000 hadi 900,000 kwa mwaka, bado pango na chakula. Ukikimbilia kazi mahudhurio yakashuka, viza haiongezwi.

Sasa shule yenyewe. Uliza kama imeshaidhinishwa chini ya sheria ya shule za lugha iliyoanza Aprili 2024. Za zamani zimepewa hadi Machi 2029 kuidhinishwa. Kisha uliza darasani kuna nani. Wachina wakiwa wengi, neno 学校 (*gakkō*, shule) wanalielewa siku ya kwanza, maana herufi hizo, kanji, zilitoka kwao, nawe unahesabu mistari ya kila herufi. Mwalimu akienda kwa mwendo wao utaachwa nyuma mwezi wa pili tu. Shule nzuri ina kundi la wasiotoka nchi za kanji, na itakuonyesha ratiba yake.

SWALI: Hapa Dar nimchagueje mwalimu wa kuanzia? *Msomaji, Sinza*

JIBU: Hudhuria kipindi kimoja kabla ya kujiandikisha. Ukikuta wanafunzi wa mwezi wa pili bado wanasoma Kijapani kwa herufi za Kiswahili, ondoka. Hiragana, herufi 46 za msingi za Kijapani, hazihitaji zaidi ya wiki tatu. Sikiliza pia anavyosahihisha urefu wa sauti. Silabi za Kijapani hazitusumbui, ila *obasan* ni shangazi na *obāsan* ni bibi. *Kite* ni njoo, *kitte* ni stempu. Asiyekukatiza hapo anakulea na kosa. Mwambie akupe cheti kinachotaja saa ulizosoma, maana shule nyingi zinadai 150. Kwa saa 10 kwa wiki ni wiki 15, na maombi ya Aprili hufungwa Oktoba au Novemba, kwa hiyo anza Julai.