Kwa baiskeli katikati ya mizabibu

SWALI: Mhariri, mimi na mke wangu, ambao tumevuka miaka 60, tungependa kuendesha baiskeli katika mashamba ya mizabibu ya Ufaransa bila kusumbuliwa na magari wala milima mikali. Tuanzie wapi?

JIBU: Anzieni Beaune, katika eneo la Bourgogne, ambako njia iitwayo Voie des Vignes hupita vijiji vya Pommard, Volnay na Meursault hadi Santenay kwa miinuko midogo tu, ingawa msimu wa mavuno, kwa kawaida Septemba, mtalazimika kuyapisha matrekta. Mkitaka tambarare zaidi, na kwa umri wenu ningeichagua hii, iko, katika eneo hilohilo, njia ya Givry hadi Cluny, yenye takriban kilomita 44, iliyofunguliwa mwaka 1997 juu ya tuta la reli ya zamani, kwani reli haikujengwa penye mwinuko mkali. Mvinyo uonjeni jioni, mkishafika.