Mtoto akinyamaza usiandike "ametulia"

Wadogo zangu manesi mnaoripoti wodi za watoto huku Kigoma, hasa wewe unayekutana mara ya kwanza na mtoto ambaye dawa za kumponya zimeshagoma, naomba unisikilize kidogo.

Mwaka wangu wa kwanza nilikua na kijana wa miaka sita, ana uvimbe wa taya, saratani inaitwa Burkitt, huu ugonjwa unawapata sana watoto wa maeneo yenye malaria nyingi kama kwetu. Alikua hasumbui kabisa. Napita namkuta kajikunja kaangalia ukuta, naandika ametulia, naenda zangu kwa wanaolia. Siku moja bibi yake akaniita, mwanangu, huyu nikimletea mgebuka hageuki hata kuuangalia, na nyumbani alikua anagombana na wenzie kwa ajili ya kichwa cha samaki. Nilishtuka. Kumbe mtoto akiwa na maumivu siku nyingi anachoka hata kulia, anaacha kucheza, hataki kuguswa, anabaki kimya tu.

Siku hizi sisubiri kilio. Naangalia uso, miguu kaikunja au anarusha, akibembelezwa anatulia au la, na kuanzia miaka mitatu minne hivi namuonyesha zile picha za sura za kupimia maumivu, inayocheka mpaka inayolia, aniguse ipi ni yake leo. Mlezi namuuliza kila zamu maana yeye ndo anamjua.

Mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, watu wanaiogopa, na wengine ni sisi wenyewe manesi, utasikia hiyo si ndo wanapewa wa kufa. Hapana jamani! Ikipimwa kwa kilo zake na kuongezwa taratibu inampa mtoto usingizi na hamu ya kucheza. Inatolewa kila baada ya saa 4 bila kusubiri aumie, na dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyohiyo maana choo kitagoma tu. Kodeini, dawa nyingine ya maumivu, achana nayo, WHO waliitoa kwa watoto tangu mwongozo wa 2012, paracetamol au ibuprofen zikishindwa unaenda mofini. Na kidonda kikinuka, saga kidonge cha metronidazole unyunyizie, harufu ikipungua utaona ndugu wanarudi kukaa karibu na kitanda, hilo nalo ni tiba.

Kitu kinachoniuma mpaka leo, yule kijana aliniuliza nitarudi kwetu? Nikamjibu haraka haraka utapona, utarudi. Akaniangalia, hakuniuliza tena kitu chochote. Sasa hivi mtoto akiniuliza hivyo nakaa chini nakua sawa na macho yake, namuuliza wewe unaonaje, halafu nanyamaza mimi. Wanajua wale. Wanachotafuta ni mtu wa kuongea nae.

Na suala la kwenda nyumbani liongeeni na familia mapema, mtoto angali anaweza kukaa kwenye boti, maana vijiji vya mwambao wa kusini ni safari ndefu na kusafirisha maiti inafilisi watu. Yule wetu tulimruhusu akiwa bado anaongea. Nilimpa bibi chupa ya mofini, namba yangu ya simu na bomba la sindano bila sindano, nikachora mstari wa kalamu mahali pa kuishia dawa, akanirudishia akasema chora mnene mwanangu, usiku kule tunatumia tochi.