Una siku mbili Bourgogne? Kaa Beaune, usikimbizane na ramani

Rafiki zangu wanaokwenda Paris kikazi na kubakiwa na wikendi huniuliza waende kuona mashamba gani ya mvinyo. Ukiwa na siku moja tu, panda TGV, treni ya mwendo kasi, pale stesheni ya Gare de l'Est uende Reims, kwenye Champagne. Ni kama dakika 45, na jioni utakuwa umesharudi hotelini. Ukiweza kulala nje ya Paris usiku mbili, nenda Beaune, mji ulio katikati ya mashamba ya mkoa wa Bourgogne. Bordeaux iwekee safari ndefu: mji wenyewe unapendeza, lakini mashamba ya Médoc yametawanyika mbali, na asiye na gari anapata tabu.

Kutoka Gare de Lyon, stesheni nyingine ya hapohapo Paris, unafika Dijon kwa saa moja na nusu na ushee, kisha unapanda treni ya mkoa, TER, ambayo haimalizi nusu saa hadi Beaune. Tiketi ya TGV nunua mapema, maana bei hupanda kadiri siku inavyokaribia. Ya TER unaweza kukata hapohapo stesheni. Mji mkongwe wa Beaune unaufikia kwa miguu, begi mkononi.

Sasa, wageni wengi wakishafika hufungua ramani ya Route des Grands Crus, barabara ya kilomita 60 hivi kutoka Dijon hadi Santenay, wakataka kuimaliza yote kwa siku. Wanashuka kupiga picha kwenye msalaba wa Romanée-Conti, shamba maarufu la mizabibu, wanarudi garini, wanakwenda kijiji kingine. Jioni ukiwauliza wameonja nini, wanakuonyesha simu. Mimi nasema chagua kipande kimoja tu cha mteremko. Kwa anayelala Beaune, kipande hicho ni Pommard, Volnay na Meursault, vijiji vitatu vinavyofuatana upande wa kusini, na cha mbali zaidi hakifiki kilomita kumi.

Kodi baiskeli mjini, ikiwezekana ya umeme, ufuate Voie des Vignes, njia ya baiskeli inayopita katikati ya mizabibu hadi Santenay. Nenda polepole uangalie ardhi, kwa sababu huko ndiko siri yote iliko. Pommard na Volnay zimepakana, zote zinalima zabibu nyekundu za Pinot Noir, lakini mvinyo wa Pommard kwa kawaida ni mzito na unakaza ulimi, wa Volnay ni mwepesi na unanukia. Ukifika Meursault unakuta karibu yote ni mvinyo mweupe wa Chardonnay. Ukisimama njiani utaona pia kwamba tambarare ya chini, karibu na barabara kuu, hutoa mvinyo wa kawaida, na mashamba yanayosifiwa yako katikati ya mteremko, ambapo maji hayatuami na jua linapiga vizuri. Vipande hivi vyenye majina na mipaka yake huitwa climats, na UNESCO iliviingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2015.

Ni vidogo ajabu. Romanée-Conti yenyewe haifiki hekta mbili. Clos de Vougeot, iliyoanzishwa na watawa wa Cîteaux, ina hekta 50 hivi na wenyewe wapatao 80, kila mmoja na mistari yake ya mizabibu. Aliyewahi kuona kihamba cha Mchagga kikigawanywa kwa wana na wajukuu hahitaji maelezo zaidi. Ndiyo maana chupa mbili zenye jina moja la shamba zinaweza kutofautiana kama mbingu na ardhi: tazama na jina la mkulima.

Na hapa kuna jambo litakalokuokolea fedha. Vijiji vingi viliunganisha majina yao na ya mashamba yao maarufu. Gevrey ilijiongezea Chambertin mwaka 1847, Puligny nayo ikachukua Montrachet baadaye. Kwa hiyo Puligny-Montrachet ni mvinyo wa kijiji, si Montrachet yenyewe. Kwenye lebo tafuta maneno grand cru, yaani daraja la juu kabisa la shamba, au premier cru, linalofuata. Yasipokuwepo, usikubali bei ya grand cru.

Wakulima wengi ni familia, wala hawana kaunta ya kupokea wapita njia. Andika barua pepe wiki kadhaa kabla, uombe miadi, mmoja asubuhi na mwingine saa tisa alasiri. Zaidi ya hapo ulimi unachoka. Mchana, kati ya saa sita na saa nane, milango imefungwa, na jikoni za mikahawa nazo hufunga baada ya hapo, kwa hiyo kula kwa wakati wao. Ukiingia, anza na bonjour kabla ya swali lolote, na manukato yaache hotelini. Usishangae kuonjeshwa mwekundu kabla ya mweupe, ndiyo desturi yao. Kutema si utovu wa adabu, chombo kimewekwa kwa kazi hiyo. Tena kikomo cha pombe kwa dereva Ufaransa ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na mwendesha baiskeli naye yumo. Uliza mapema kama kuonja kunalipiwa. Kama ni bure, nunua walau chupa moja.

Mwezi wa kwenda? Mei, Juni au Oktoba. Septemba ni mavuno na hakuna mwenye muda nawe. Jumapili ya tatu ya Novemba kuna mnada mkubwa wa mvinyo wa Hospices, vyumba hupanda bei kweli.

Hospices hiyo usiikose hata kama hunywi kabisa. Ni hospitali ya maskini iliyoanzishwa na Nicolas Rolin mwaka 1443, yenye paa la vigae vya rangi na mchoro wa Hukumu ya Mwisho wa Rogier van der Weyden. Iliendeshwa kwa mapato ya mashamba iliyoachiwa na wafadhili. Asiyekunywa ana pia soko la Jumamosi na kinu cha haradali cha Fallot, kilichopo tangu 1840. Ila Mwislamu aulize kila sahani: hata mayai huko hupikwa kwa mvinyo, na nguruwe anajificha pengi.

Chupa zako zifunge kwenye nguo katikati ya begi kubwa, maana kwenye begi la mkononi hazipiti. Ukiwa mkazi wa nje ya Umoja wa Ulaya na umenunua zaidi ya euro 100 duka moja, omba fomu ya détaxe, yaani ya kurudishiwa kodi. Wakulima wadogo mara nyingi hawana, maduka ya Beaune mengi wanayo. Uwanja wa ndege, iskani fomu hiyo kwenye mashine ya forodha iitwayo PABLO kabla hujakabidhi begi, kwa sababu forodha wanaweza kutaka kuziona chupa.