Kwa Wanaoanza Kazi ya Kamera za Ukaguzi Viwandani: Anzeni na Taa

Wengi wanaoingia katika kazi hii huuliza kwanza kamera ina megapikseli ngapi. Nami nilianza hivyo, katika kiwanda kimoja cha vinywaji hapa Nakuru, ambako kamera ilikagua kama kila kifuniko cha chupa kimekaa sawasawa. Asubuhi mtambo haukuwa na neno, lakini ikifika saa tisa alasiri ulianza kuzitupa chupa nzuri, na wakubwa walikuwa wameshaulizia bei ya kamera mpya. Nilisimama kando ya mkanda unaobeba chupa nikaikinga sehemu ile kwa kipande cha boksi, na papo hapo chupa zikapita. Kumbe jua lilikuwa likipenya kwenye bati la plastiki la paa na kumeremeta juu ya vifuniko. Tulijenga kibanda kidogo chenye rangi nyeusi ndani, na kamera ile ile ikaendelea na kazi.

Kwa hiyo amueni kwanza mnataka kuona nini. Ikiwa ni umbo au ujazo, taa ikae nyuma ya chupa. Ikiwa ni mikwaruzo, ilazwe ubavuni ili mwanga uparuze uso wa kitu. Tarehe iliyochapwa kwa wino mwekundu kwenye karatasi nyeupe hufifia karibu kabisa chini ya taa nyekundu mbele ya kamera isiyo ya rangi, ilhali chini ya taa ya buluu huonekana nyeusi. Jaribuni kwa tochi za rangi kabla ya kuagiza chochote.

Kisha pigeni hesabu ya mwendo. Mkanda ukienda nusu mita kwa sekunde na shata, yaani mlango wa kamera unaoingiza mwanga, ikikaa wazi milisekunde 1, chupa husogea milimita 0.5, na kama upana wa milimita 128 umegawanywa katika pikseli 1,280, huo ni ukungu wa pikseli 5, ambao megapikseli zaidi hazitauondoa. Mkipunguza muda huo hadi milisekunde 0.1, mtahitaji mwanga mara kumi, na ndiyo sababu tunatumia taa za LED zinazowaka na kuzimika sambamba na shata. Msitegemee taa za dari: umeme wetu ni wa hezi 50, na nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, hata picha moja ikatoka angavu na inayofuata ikafifia.

Lenzi ikishalengwa vizuri, kazeni skrubu zake na mzitie alama ya rangi, kwa maana mtetemo wa mkanda huzilegeza taratibu.