Jibu: Zeitz MOCAA kwa nusu siku

Ndugu yangu, umeuliza kama Zeitz MOCAA, makumbusho ya sanaa ya Afrika jijini Cape Town, inamfaa mtu mwenye nusu siku tu na asiyeielewa sanaa ya kisasa. Nenda, tena bila wasiwasi! Jengo lilikuwa ghala la nafaka bandarini tangu miaka ya 1920, likafunguliwa kama makumbusho mwaka 2017.

Ukiingia, simama kwanza ukumbini uangalie juu. Mapipa marefu ya zege yaliyohifadhi nafaka yamekatwa kwa umbo la punje ya mahindi. Kingo zilizokatwa zinang'aa, ila ukuta wa zamani bado una kokoto zake. Mimi shingo iliniuma kwa kutazama.

Halafu panda lifti hadi juu, ushuke taratibu. Kazi ikikugusa, kaa nayo hata dakika kumi. Maelezo ya ukutani utayasoma baadaye.